Tuwaache Wanaume Walie Mbele ya Katuni



Juni 2023 Yanga ilikwenda Algiers, ikashinda bao moja kwa bila, na bado Kombe la Shirikisho la Afrika likabaki kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Usiku ule hapa Chalinze niliona wanaume wazima, wengine wenye wajukuu, wakifuta macho kwa skafu za kijani na njano mbele ya televisheni za migahawani. Hakuna aliyewaambia wajikaze. Watu waliwapigapiga mgongoni, wakawanunulia soda. Lakini kijana akionekana macho yamelowa kwa sababu Mufasa amekufa, kibanda umiza kizima kinaangua kicheko, na kesho yake ana jina jipya mtaani.

Jambo hili lilizuka hivi karibuni katika mkutano wa UWAKA kigangoni kwetu. Baba mmoja alilalamika kwamba mwanawe wa kidato cha pili analia akitazama katuni. "Huyu atakuwa mwanaume wa namna gani?" Wengi walicheka. Mwenyekiti akarudisha kikao kwenye michango ya bati la kanisa, na mjadala ukaishia hapo. Mimi naona ulistahili zaidi ya dakika tatu, hasa kwa kuwa utani huohuo unasikika hata miongoni mwa mafrateri wetu, ambao kesho tutawaita baba.

Tuanze na filamu zenyewe, maana wengi wanaozicheka hawajazitazama mpaka mwisho. Ile ya Mfalme Simba ilitoka 1994. Wahusika wanazungumza Kiingereza, lakini majina ni ya kwetu: Simba, Rafiki, na fisi mmoja aliyepewa jina la Shenzi. Nyumbu wanakimbia bondeni, baba anamwokoa mwanawe na kufa yeye, na mtoto anaurudia ule mwili, anausukuma, anauita. Hapo hahitajiki mkalimani. Kuna nyingine ya 2009 iitwayo Up. Mwanzoni kabisa, kwa dakika chache tu, tunaona kijana na binti wakioana, wakipaka rangi nyumba, wakitamani mtoto asipatikane, wakiweka akiba ya safari isiyofanyika kwa sababu kila mara kuna dharura inayokula fedha, wakizeeka, na mke akitangulia. Katika maisha yale yote ya ndoa hakuna mazungumzo, ni picha na muziki. Mzee asiyejua neno la Kiingereza pale Lugoba anaielewa sawasawa na mtu wa Chicago. Pengine anaielewa zaidi, maana akiba inayoliwa na dharura anaijua vizuri.

Nadhani ndiyo sababu katuni hutupata bila kinga. Mwigizaji wa kawaida tunamfahamu, tumemwona kwenye filamu nyingine, tunajua kesho atatoka kaburini achukue malipo yake. Uso wa kuchorwa hauna mtu nyuma yake wa kumshuku. Una macho mawili, mdomo, na huzuni. Tena tunakaa kuitazama tukiwa tumelegea, tukijiambia ni ya watoto.

Dereva mmoja wa lori, mtu wa maneno machache, alinisimulia jambo tukisubiri chakula hapa njia panda, inapoachana barabara ya Morogoro na ile ya Segera. Baba yake alifariki yeye akiwa na mzigo njiani kuelekea Tunduma. Alifika kesho yake, tayari kaburi limechimbwa. Kwa kuwa ni mtoto wa kwanza wa kiume, alikabidhiwa daftari la rambirambi, akapokea wageni, akasimamia chakula, akalipa turubai. Siku ya tatu akarudi barabarani. Miezi mingi baadaye, akiwa abiria kwenye basi la kwenda Tanga, kondakta akaweka katuni ile ya simba. Alilia kutoka Msata mpaka karibu na Wami. Abiria jirani alidhani anaumwa. "Padre," akaniambia, "pale ndipo nilipomzika mzee."

Mtu huyu utamwambia nini? Kwamba amelilia mchoro?

Sitaki kuyadharau malezi ya wazee wetu. Wakwere, Wazigua na Wazaramo wa ukanda huu wamewapitisha vijana jandoni, na kijana alitakiwa asitoe sauti mbele ya kisu cha ngariba. Lakini ustahimilivu ule ulikuwa na mahali pake na muda wake. Kulikuwa na mzee wa kumuuguza, kulikuwa na wenzake, kulikuwa na ngoma, kisha akarudishwa nyumbani kwa shangwe. Sisi tumeacha karibu yote hayo na kubaki na katazo peke yake, tukalitandaza juu ya maisha mazima. Matokeo yake tunayaona misibani: akina mama ndani wanalia na kushikana, wanaume nje chini ya turubai wanazungumzia usajili wa Simba na Yanga, na mfiwa mwenyewe yuko katikati yao anaitikia kwa kichwa.

Maandiko hayana aibu hii. Yesu alilia mbele ya watu kaburini kwa Lazaro, akijua kabisa atamfufua (Yn 11). Petro alitoka nje akalia kwa uchungu (Lk 22). Daudi alimlilia Absalomu mpaka jeshi lililoshinda likaingia mjini kimyakimya kama limeshindwa. Ninayempenda zaidi, hata hivyo, ni Yusufu wa kitabu cha Mwanzo, sura ya 43. Alipomwona mdogo wake Benyamini aliingia haraka chumbani, akalia huko, akanawa uso, akatoka amejizuia, akaamuru chakula kiletwe. Ni mkubwa wa Misri yote na bado anajificha kulia. Wanaume wa Pwani tunamfahamu huyu; tumemwona kwa baba zetu. Na tukumbuke kwamba hakuponyeka kwa kule kunawa uso. Nduguze walipatana naye sura mbili mbele, alipolia kwa sauti hata nyumba ya Farao ikasikia.

Msomaji makini atanipinga: wote hao waliwalilia watu wa kweli au makosa ya kweli. Lazaro alikuwa amekufa. Mufasa hakuwahi kuishi. Pingamizi hili lina uzito, na aliyelisema vizuri kuliko wote ni Mtakatifu Augustino. Katika Maungamo yake anakumbuka jinsi alipokuwa mwanafunzi alivyomlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgili, huku akiwa na macho makavu kwa roho yake mwenyewe iliyokuwa ikimpotea Mungu. Baadaye, akizungumzia michezo ya jukwaani, anashangaa kwa nini watu hulipa ili wahuzunishwe, na ni huruma gani hii ambayo haimwiti mtazamaji amsaidie mtu yeyote, bali imhuzunishe tu.

Hapo Augustino ametugusa. Huku kwetu basi likipinduka, simu za kupigia picha hutoka mifukoni kabla ya mikono kuinuka kumbeba majeruhi. Kama mtu anayefanya hivyo mchana anaweza kulia usiku mbele ya katuni, basi yale machozi ni chumvi na maji. Nakubali pia kwamba yapo machozi ya maonesho, na wahubiri wengine wanayafungua na kuyafunga kama bomba.

Lakini Augustino, nadiriki kusema, ana haki nusu. Nusu nyingine iko katika Samweli wa pili, sura ya 12. Daudi ametwaa mke wa Uria na kumuua mumewe. Amekaa miezi na dhambi hiyo bila kutetereka. Mungu anamtuma Nathani, na Nathani hamfikii kwa amri wala kwa hoja. Anamsimulia habari ya kutunga: maskini mmoja, na mwanakondoo wake mmoja aliyekula sahani moja naye na kulala kifuani pake kama binti, na tajiri aliyemchinja. Mwanakondoo yule hakuwahi kuwepo, kama Mufasa. Ni hadithi ya mnyama, ya aina tunayowasimulia watoto. Mfalme aliyeshindwa kuona kifo cha askari wake mwaminifu aliwaka kwa ajili ya mwanakondoo wa kubuni, na kupitia mlango huo ukweli ukaingia. Nathani alipomgeuzia kidole, Daudi hakuwa na pa kukimbilia. Moyo ulikuwa umekwisha kufunguka.

Kwa hiyo mimi siulizi kama mtu amelilia kitu cha kweli. Nauliza baada ya kulia amefanya nini. Dereva wangu aliposhuka Tanga alimpigia mama yake simu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi wakazungumza habari za marehemu bila kuhesabu gharama. Augustino naye, alipomzika Monika, alijizuia siku nzima mbele ya watu, akaona aibu hata ya kutaka kulia. Kisha akiwa peke yake kitandani akayaacha machozi yatiririke, na akaandika bila kuomba radhi kwa wale watakaomcheka.

Nisemalo sasa linawahusu zaidi mafrateri. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Pastores Dabo Vobis ya mwaka 1992, aliyaweka malezi ya kibinadamu kuwa msingi wa malezi yote ya padre, akataka utu wake uwe daraja la watu kumfikia Kristo, si kikwazo. Ninyi mtaitwa usiku hospitalini. Mtaingia nyumba ambayo bodaboda imeondoka na mtoto asubuhi na jioni maiti ikarudi. Mtasikia kwenye kiti cha kitubio mambo ambayo watu hawajawaambia wake zao. Kijana aliyejizoesha kwa miaka minane kuziba koo kila linapokaza hataweza kulizibua siku anapolihitaji. Nimewaona mapadre wema wakisoma ibada ya mazishi ya mtoto kwa sauti ileile ya kutangaza michango ya parokia. Kanisa halikutaka hivyo. Lilikuwa na sala za Misa za kuomba kipaji cha machozi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu vitani, aliandika katika shajara yake ya 1544 na 1545, karibu siku baada ya siku, kama amelia kwenye Misa au hakulia.

Sisemi kila mtu alie. Wapo watu ambao huzuni yao haipandi machoni, na wasilazimishwe. Kumkejeli asiyelia ni ujinga uleule umegeuzwa upande. Ninachokataa ni kile kicheko cha kibandani na cha ukumbi wa burudani seminarini. Hakimfanyi yule kijana kuwa jasiri. Kinamfundisha kutazama kwanza waliokaa karibu naye kabla ya kuhisi chochote.

Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, naomba waseminari wanaosimamia projekta wachague Coco, katuni ya mwaka 2017 ya mtoto wa Mexico na jamaa zake waliotangulia. Kuna bibi kizee ndani yake anayekaribia kumsahau baba yake, na wimbo mmoja. Ombi langu la pili ni dogo: filamu ikiisha, msiwashe taa papo hapo. Acheni yale majina marefu yapite mpaka la mwisho.