BUSTANI YA MAMA: Begonia, Ua la Kivulini

Maua mengi tunayopanda mbele ya nyumba hutaka jua. Begonia si hivyo. Hili ni ua la barazani, la chini ya mwembe, la upande ule wa nyumba ambako mawaridi hayafanikiwi. Kwetu sisi wa bonde la Kilombero jambo hili lina uzito, kwa sababu mche uliostawi Uchindile, kule juu kwenye ubaridi, ukiteremshwa Ifakara na kuwekwa juani huungua majani kwa siku chache tu. Kisha mama anaambiwa, "Si nilisema maua ni kupoteza maji?" Na maji yenyewe ameyabeba yeye kichwani.

Ziko aina zaidi ya 2,000 za begonia duniani, na nyingine ni za kwetu. Iitwayo Begonia meyeri-johannis, yenye maua meupe, hutambaa juu ya miti katika misitu ya Kilimanjaro, Usambara na Uluguru. Jina lake linatokana na Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889. Tafadhali usiende msituni kung'oa begonia ya porini. Katika hifadhi ya taifa kama Udzungwa ni kosa, na nyumbani itakosa umande iliouzoea.

Za kupanda nyumbani, anza na begonia ndogo yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Huchanua karibu mwaka mzima, nayo huvumilia joto kuliko wenzake. Ya pili ni ya shina refu lenye vifundo kama mwanzi. Majani yake hufanana na bawa la ndege, na maua huning'inia kwa vishada. Ya tatu, begonia reksi, hupendwa kwa majani yake ya rangi ya fedha na zambarau. Iko pia ya kiazi, yenye maua makubwa kama waridi, lakini asili yake ni milima ya Andes. Mama wa Ifakara asijisumbue nayo.

Chukua kopo au debe kuukuu, utoboe matundu chini. Changanya udongo mweusi, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Begonia nyingi hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Chomeka kidole udongoni: kama juu pamekauka, mwagilia; kama kuna unyevu, acha. Maji ya kuoshea mchele yanafaa kabisa, na kwetu mchele haukosekani. Mwagilia udongo, usiloweshe majani, maana majani mabichi usiku kucha hushikwa na ukungu. Masika, sogeza makopo chini ya upenu.

Sasa kuhusu kuzidisha, na hapa ndipo akina mama wengi hukata tamaa. Tunapeana jani moja, tunalichomeka, linatoa mizizi, halafu miezi inapita bila chipukizi. Jani la begonia ya shina mara nyingi ndivyo lilivyo. Ya namna hiyo omba kipande cha shina chenye vifundo viwili au vitatu, ondoa maua, uzike kifundo kimoja kwenye mchanga wenye unyevu. Reksi ndiyo huzaliwa kwa jani: likate mishipa yake mikubwa upande wa chini, lilaze juu ya mchanga, uligandamize kwa vijiwe. Baada ya majuma kadhaa vimche vitachomoza penye mikato. Jani likisafirishwa kwenye gazeti lililoloweshwa kidogo, hufika likiwa zima.

Mwenye watoto wanaotambaa aweke makopo juu. Utomvu wa begonia ni mchachu na huwasha mdomo na koo, na kiazi chake ndicho kikali zaidi. Mbuzi nao wazuiwe.

Begonia ya shina ikirefuka mno na kubaki na majani kileleni tu, ikate bila huruma, ukiacha vifundo viwili juu ya udongo. Vipande ulivyokata, mpe jirani.