MAONI YA TAWI: BWAWA LA TOPE KWANZA, MWALO BAADAYE



Tumesoma ujumbe wenu kuhusu mialo ya kuoshea dhahabu. Wapo wanaosema Tawi linawabania vijana. Hatuwabanii. Vijana wa Malolo wana haki ya kuchimba na kuchenjua kama wenzao popote nchini. Tunachokataa ni mwalo kufunguliwa kabla ya bwawa la kuhifadhia tope.

Wenye kazi mnaijua. Jiwe likishasagwa kwenye karasha linaoshwa, linachanganywa zebaki kukamata dhahabu, tope linabaki. Zebaki iliyobaki humo haiozi. Mvua ikilibeba, linashuka bondeni kwenye mpunga na kwenye visima tunavyochimba mchangani wakati wa kiangazi.

Na bwawa si shimo la jembe la siku mbili. Chini linataka mfinyanzi ulioshindiliwa au turubai nzito, kingo imara, mfereji wa kukinga maji ya mvua, na nafasi ya kutosha juu ya tope. Hata wenye mitaji mikubwa limewasumbua. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la mgodi wa Mwadui, Kishapu, zilibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba. Lile lilikuwa tope la almasi, lisilohitaji zebaki. Julai 2019 Serikali ilizuia bwawa la topesumu la North Mara kwa sababu ya kuvuja.

Hoja ya gharama tunaielewa, ila hapa mtuvumilie tuongee kihasibu, ndiyo tuliyosomea. Tope hilo ndilo mnaloliita marudio. Bado lina dhahabu, na wenye mitambo ya sayanaidi hulinunua. Sasa kitu chenye mnunuzi ni mali, na mali inajengewa ghala. Anayeliacha lisombwe na maji anapoteza fedha yake na kumpa jirani sumu. Tahadhari moja: marudio yenye zebaki yasiingizwe kwenye sayanaidi kabla zebaki haijaondolewa. Mkataba wa Minamata, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2020, unakitaja kitendo hicho miongoni mwa vile vya kukomeshwa.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni matunzo. Bwawa linajengwa mara moja, kingo zinakaguliwa kila masika, hata mwenye mwalo akishahama. Wachimbaji wakubwa hudaiwa dhamana ya kurekebisha mazingira. Kwetu tunapendekeza kila kiroba kinachooshwa kikatwe kiasi kidogo, fedha ikae kwenye akaunti yake peke yake, isichanganywe na mapato mengine ya kijiji, na taarifa yake isomwe kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu. Kiasi gani, wachimbaji na wenye mashamba ya bondeni wakae wakubaliane. Sisi hatutawapangia.

Mwenye hoja tofauti aje nayo mkutanoni, asiishie kutuma sauti usiku.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, Malolo.