Ganda tupu la risasi: chuma chakavu au ushahidi?

Vita vilivyoanza Burundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 vilidumu zaidi ya miaka kumi, na mabaki yake hayakuondoka na wapiganaji. Mkulima wa Ryansoro, katika vilima vya mkoa wa Gitega, anaweza hata leo kugonga kwa jembe kitu kidogo cha shaba chenye urefu wa kidole: ganda la risasi iliyokwisha kufyatuliwa. Mtoto ataliona ni filimbi. Mnunuzi wa vyuma chakavu ataliweka kwenye mizani. Mpelelezi, akibahatika kulipata kabla ya hao wawili, atalipindua na kusoma maandishi ya kitakoni.

Yuko pia mtu wa nne, ambaye katika mjadala wa silaha Burundi ni nadra kutajwa: yule anayejua kwamba ganda hilo linaweza kujazwa tena.

Risasi nzima ina vipande vinne. Kuna ganda, kuna fataki inayowashwa na sindano ya bunduki, kuna baruti, na kuna kichwa kinachoruka. Bunduki ikilia, vitatu hupotea au huharibika, lakini ganda hubaki. Na ganda ndilo lenye gharama kubwa kulitengeneza, kwa kuwa hufinyangwa kwa hatua nyingi kutoka kwenye shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ndiyo maana Marekani, na katika nchi kadhaa za Ulaya, wawindaji na walenga shabaha huyakusanya maganda yao, huyasafisha na kuyajaza tena nyumbani kwao. Huko ni shughuli halali. Ina maduka yake, vitabu vyake na mashine zake ndogo za kuwekwa mezani.

Moja ya mashine hizo ni ya kukereza mdomo wa ganda. Sababu yake inaeleweka hata kwa asiyewahi kushika bunduki. Ndani ya mtutu, baruti inapowaka, shinikizo katika bunduki kubwa ya vita hufikia takriban mara 4,000 ya lile la hewa tunayovuta. Shaba hutanuka, kisha hunyooka kuelekea mbele, kama unga wa chapati chini ya mpini wa kusukumia. Kila mara ganda linapotumiwa tena, shingo yake hurefuka kidogo. Urefu huo haufiki milimita moja, lakini unatosha kuua. Mdomo uliozidi urefu hujikunja mbele ya chumba cha mtutu, hukibana kichwa cha risasi kisitoke kwa wakati wake, na shinikizo hupanda kupita kiwango ambacho chuma kinaweza kuhimili. Bunduki hupasuka usoni mwa aliyeishika. Basi wajuzi hupima kila ganda, hulikereza lirudi kwenye kipimo chake, na hulitupa pindi linapoonyesha ufa.

Je, kazi hiyo inaweza kuhamia kwenye vilima vya Burundi? Hofu si ya kupuuzwa, kwa sababu ufundi wa silaha za nyumbani upo nchini. Polisi wamekuwa wakikamata bunduki zilizoundwa na mafundi wa vijijini, zinazoitwa mugobore kwa Kirundi. Jina hilo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa: ni gobore lile lile, ingawa chombo kimebadilika. Gobore la zamani, ambalo wawindaji wa Tanzania wanalijua vyema, hushindiliwa baruti na vipande vya risasi kupitia mdomo wa mtutu, wala halina haja ya ganda. Bunduki ya kienyeji inayofyatua risasi za kisasa ni jambo jingine. Fundi anaweza kupata bomba, mbao na springi, na kwa uvumilivu akaunda kitu kinacholia. Risasi hawezi kuiunda.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Burundi haina kiwanda cha risasi. Kenya ina kiwanda Eldoret, Tanzania ina Shirika la Mzinga pale Morogoro, na Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Kwa hiyo kila risasi iliyowahi kulia Ryansoro, Muyinga au Bujumbura, iwe mikononi mwa askari, mwasi au jambazi, ilitengenezwa nje ya nchi na ikavuka mpaka. Nyingine zilivuka kwa hati na mihuri, nyingine usiku.

Kwa upande wa maganda yenyewe, habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya risasi zilizotumika katika eneo la Maziwa Makuu ni za Kalashnikov, na maganda ya risasi hizo, kwa wingi, si ya shaba bali ya chuma kilichopakwa rangi au kupakwa shaba juujuu. Sumaku huyaumbua mara moja. Chuma hakinyumbuliki kama shaba, kwa hiyo hakifai kujazwa mara kwa mara, na fataki za maganda mengi ya aina hiyo zimewekwa kwa namna inayomsumbua hata mtaalamu anayetaka kuzing'oa. Maganda yanayojazika kwa urahisi ni ya shaba tupu, kama yale ya bunduki ya FAL, yenye asili ya Ubelgiji, ambayo jeshi la Burundi lilikuwa nayo kwa miaka mingi. Hata hayo hayatoshi peke yake. Bila fataki na baruti isiyo na moshi, ambazo hutoka viwandani, ganda lililokerezwa vizuri hubaki pambo.

Kwa hiyo anayetaka kuzuia risasi za nyumbani asihangaike sana na shaba iliyotapakaa mashambani. Atazame fataki na baruti, zinaingia kupitia wapi, na nani anazihesabu. Malori yanayopita Kobero, mpakani mwa Muyinga na Tanzania, ambako leo ni mkoa mpya wa Buhumuza, hubeba bidhaa za kila aina kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mfuko wa fataki elfu moja huingia katika mfuko wa koti. Bunduki haifichiki hivyo.

Lakini ganda lina umuhimu wa pili, nao kwa Burundi ni mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ganda husema.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu wenye silaha waliivamia kambi ya wakimbizi ya Gatumba, kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo, wakaua zaidi ya watu 150, wengi wao wakiwa Wanyamulenge waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Kundi la FNL lilidai kuhusika. Asubuhi, katikati ya mahema yaliyoungua, maganda yalikuwa yametapakaa. Alama za vitako vyake zilionyesha kwamba risasi zilitengenezwa China, Bulgaria na Serbia. Hapo ndipo njia ilipokatika. Ilijulikana zilikozaliwa, haikuweza kuthibitishwa ziliuzwa kwa nani, zikapita ghala gani na zikafikaje Gatumba, kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa kimataifa wa kulazimisha kila shehena ya risasi iwe na alama ya mnunuzi wake. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Walionusurika hukumbuka wafu wao kila Agosti, na hakuna hukumu iliyotolewa.

Kungekuwa na somo la kutosha hapo. Hata hivyo, mwaka uliofuata, tarehe 8 Desemba 2005, Umoja wa Mataifa ulipopitisha mwongozo wa kuweka alama na kufuatilia silaha ndogo ndogo, risasi ziliachwa nje. Bunduki ikapewa cheti cha kuzaliwa, na chakula chake kikaachwa bila jina.

Thamani ya maandishi ya kitakoni ilionekana waziwazi zaidi nchini Kenya. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao Geneva, ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini. Karibu nusu ya risasi zilizochunguzwa zilikuwa na alama za kiwanda cha Eldoret. Zilitoka, kwa maneno mengine, katika ghala za serikali yenyewe. Serikali ya Kenya ilikanusha. Lakini herufi zilizogongwa kwenye shaba hazikanushiki kwa tamko, na tangu wakati huo mjadala wa Kenya kuhusu askari wa akiba na risasi wanazogawiwa haukuweza kurudi ulipokuwa.

Ndiyo sababu kujaza ganda upya, hata mahali kunakofanywa na watu wema, kunavuruga ushahidi. Alama ya kitakoni hutaja kiwanda kilichofinyanga ganda na mara nyingi mwaka wake. Haimtaji aliyelijaza mara ya pili. Risasi inayoonekana kuwa ya mwaka 1978 inaweza kuwa imekamilishwa juzi. Mikwaruzo inayoachwa na bunduki ya kwanza hukaa chini ya mikwaruzo ya bunduki ya pili, na mpelelezi asiye na maabara nzuri atachanganya mbili kuwa moja. Kukereza kunaongeza utata mwingine, maana kunafuta mdomo wa ganda, mahali ambapo rangi ya kiwanda na alama za kubana kichwa husaidia kutambua shehena.

Sheria inasemaje kuhusu ganda tupu? Jibu halijanyooka. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inalihesabu ganda, fataki, baruti na kichwa kuwa risasi, lakini kwa sharti kwamba vipande hivyo navyo viwe vinahitaji kibali katika nchi husika. Mkataba wa Kinshasa wa tarehe 30 Aprili 2010, unaozihusu nchi 11 zikiwemo Burundi na Kongo, umekwenda mbele zaidi: jina lake lenyewe linataja risasi pamoja na vipande vyote vinavyoweza kutumika kuunda, kukarabati au kuunganisha silaha. Ulianza kutumika mwaka 2017. Burundi kwa upande wake ina sheria namba 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009 kuhusu silaha ndogo ndogo, iliyotungwa wakati nchi ilipokuwa ikiwaomba raia wasalimishe walichokuwa nacho.

Zoezi hilo la Oktoba 2009 wengi wanalikumbuka kwa zawadi zake. Aliyeleta silaha alirudi na saruji, vitenge au kitu kingine cha manufaa nyumbani. Haja ilikuwa kubwa: utafiti wa miaka miwili kabla ulikadiria kwamba kaya zipatazo 100,000 zilikuwa na silaha. Zoezi lilifaulu kwa kiasi chake, ila mantiki yake ilikuwa ya kuhesabu bunduki. Risasi hutajwa mwishoni mwa taarifa za aina hiyo, na maganda hayatajwi kabisa. Mkulima aliyeacha bunduki ofisini akabaki na kopo la risasi darini alikuwa, kwa hesabu ya siku ile, amesalimisha kila kitu.

Suala hili limerudi kwa nguvu kutoka magharibi. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mto Rusizi kuingia Burundi. Majeshi yanapokimbia huacha ghala, na ghala lililoachwa hufunguliwa na wa kwanza kufika. Raia aliyevuka akiwa na godoro kichwani na watoto wawili mkononi si tishio kwa yeyote, na kumpekua kama mwasi ni kumwongezea msiba. Mzigo wa risasi hauhitaji wakimbizi ili usafiri. Una wafanyabiashara wake, na walikuwapo kabla ya Goma.

Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha, hatimaye, mwongozo wa dunia wa kusimamia risasi tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapofyatuliwa au kuharibiwa. Si mkataba wenye kulazimisha. Ni ahadi ya kisiasa, na mkutano wa nchi wa kupima utekelezaji wake umepangwa mwaka 2027. Kwa nchi isiyo na kiwanda, ombi la maana katika mkutano huo ni moja: kila sanduku linalouzwa kwa jeshi au polisi wake ligongwe alama ya mnunuzi kwenye kitako cha kila risasi, siyo kwenye mbao za sanduku tu. Mbao huchomwa kupikia. Viwanda vitasema gharama ni kubwa, ingawa tayari vinagonga namba zao wenyewe kwenye shaba hiyo hiyo.

Kabla ya hapo kuna kazi isiyosubiri mwaka 2027. Mkazi wa Ryansoro anayelima akakuta ganda anahitaji kujua kwamba lisilo na kichwa na lenye fataki iliyotobolewa halilipuki, na kwamba lenye kichwa bado ni risasi, hata likiwa na kutu, halipaswi kugongwa wala kutupwa motoni. Anahitaji kujua pia kwamba akilipeleka kituo cha polisi hatageuzwa mshitakiwa. Yasipokuwepo maelezo hayo, na kwa lugha zote zinazosemwa vilimani na sokoni, Kiswahili kikiwemo, ganda litaendelea kwenda kwa yule mwenye mizani.