Kabla ya Rangi na Mapazia: Vumbi la Asbesto Si la Kufagiwa



Msimu wa harusi ukikaribia, mafundi huingia majumbani. Chumba cha bi harusi kinatiwa rangi, dari linawekwa jipsamu, na paa la zamani linashushwa kupisha bati mpya za rangi. Tunajua bei ya kila yadi ya pazia. Tunajua nani atamsinga mwali, nani atampamba, nani atapika biriani. Lakini lile paa la kijivu la saruji lenye mawimbi, nani kalishusha? Kalishusha vipi? Vipande vyake vimekwenda wapi? Hapo sote kimya.

Leo kimya hicho tunakivunja. Paa la asbesto si kazi ya fundi wa mtaani mwenye nyundo, wala vumbi lake si kazi ya mwanamke mwenye ufagio. Liondolewe na watu waliofunzwa kazi hiyo, la sivyo lisiguswe.

Ni kitu gani hiki?

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yanayochimbwa ardhini. Kwa miaka mingi yalichanganywa na saruji kutengenezea shiti za paa, dari, mabomba na matangi, kwa sababu hayashiki moto, hayali kutu na bei yake ilikuwa nafuu. Afrika Mashariki mapaa haya yaliezekwa kwenye skuli, maghala na nyumba za watumishi, na mengi bado yapo.

Likiwa zima na limetulia, paa hilo hatari yake ni ndogo. Balaa huanza linapovunjwa, linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa au kukwanguliwa. Hapo hutoka nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, zikaelea hewani kwa masaa. Ukizivuta zinaingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingi hazitoki tena. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, ya koo la sauti na ya ovari, na saratani iitwayo mesotelioma inayoshika utando wa mapafu au wa tumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini tu.

Na ugonjwa wenyewe una subira. Hukaa miaka 20, 30, hata 40 kabla ya kujitokeza. Bi harusi wa miaka 22 anayefagia vumbi hilo leo anaweza kuja kukohoa akiwa bibi mwenye wajukuu, na hakuna atakayekumbuka lile paa.

Kwa nini tunaliita jambo la wanawake

Kwa sababu historia yake imeandikwa kwenye miili ya wanawake. Mwaka 1924 huko Rochdale, Uingereza, alifariki Nellie Kershaw, mama wa miaka 33 aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Kifo chake ndicho kilichowafanya madaktari waanze kuuandika ugonjwa huu kwa jina la asbesto.

Mwaka 1965 madaktari wawili wanawake wa London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, wakatoa utafiti wa wagonjwa 76 wa mesotelioma. Miongoni mwao walikuwemo watu ambao hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto maishani mwao. Waliishi tu nyumba moja na jamaa walioifanya, na wengi wa hao walikuwa wanawake. Kisa kilichojirudia ni cha mke aliyekuwa akimfulia mumewe ovaroli zake za kazi.

Dada, isome tena sentensi hiyo. Alikuwa akifua tu. Sasa tazama kwetu: nani anafagia ua baada ya mafundi? Nani anakung'uta kanzu na shuka zilizojaa vumbi? Nani amembeba mtoto mgongoni huku anakusanya vipande? Mwanamume anapanda juu ya paa siku moja. Sisi tunaishi na vumbi lake mwezi mzima.

Visingizio tulivyochoka navyo

"Wazee wetu waliishi chini ya paa hili na hawakufa." Waliishi chini ya paa zima. Hawakuishi ndani ya vumbi la paa lililopondwa kwa nyundo.

"Fundi wetu mzoefu, atavaa barakoa." Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitali ya kufunika pua, haizuii nyuzi hizi. Na uzoefu wa kuezeka si uzoefu wa kuondoa sumu. Huyo fundi naye ni mtoto wa mtu, na mkewe atamfulia nguo zile jioni.

"Vipande vizuri hivi, tutupe vya nini?" Ndipo vinapogeuzwa banda la kuku, mlango wa choo, au kifusi cha kujazia njia wanayochezea watoto. Tumefundishwa kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Vipi sisi tuuweke kwa mikono yetu?

"Tutawakali kwa Mungu." Tunatawakali, naam. Lakini ngamia hufungwa kwanza, ndipo ukatawakali. Na kanuni ya fikihi inakataza kujidhuru na kudhuru wengine. Jirani anayevuta vumbi la harusi yako ana haki juu yako.

"Ni ghali." Hiki ndicho kisingizio chenye ukweli, na tutakijibu kwa ukweli. Ndiyo, ni gharama. Lakini jukwaa la maua la usiku mmoja nalo ni gharama, na hilo tunachangishana. Kama fedha haipo, liacheni paa zima mahali pake. Msilitoboe, msilikwangue, msilisugue kwa brashi, wala msipande juu yake. Subirini mpaka mpate uwezo. Kusubiri ni salama kuliko kuvunja kwa bei rahisi.

Kazi ya wenye ujuzi inavyokuwa

Tunaieleza ili mjue mnacholipia, na ili asiwadanganye mtu.

Kwanza hupimwa kipande maabara, kwani kwa macho peke yake huwezi kuwa na hakika. Watu wa nyumba huondolewa, na sehemu ya kazi huzungushiwa uzio. Wafanyakazi huvaa barakoa maalumu za chujio na ovaroli za kutupwa, ambazo haziendi nyumbani kwa mke. Shiti hulowanishwa maji ili vumbi lisiruke. Misumari na nati hufunguliwa taratibu, na shiti hushushwa nzima nzima kwa mikono, hazitupwi chini. Hufungwa kwa plastiki nene mara mbili, huandikwa alama ya hatari, na huzikwa mahali palipoidhinishwa. Mwisho sehemu yote hufutwa kwa vitambaa vibichi, na vitambaa hivyo navyo hufungwa pamoja na taka hizo. Hakuna ufagio mkavu hata mara moja.

Ukiona mtu anarusha shiti chini na anacheka, huyo si mtaalamu. Msimamishe.

Kabla ya kuanza, ulizeni wenye mamlaka. Visiwani tunayo ZEMA. Bara kuna NEMC na OSHA. Jirani zetu Kenya walipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na mamlaka yao ya mazingira ikatoa mwongozo wa namna ya kuiondoa na kuizika. Nasi tunazitaka mamlaka zetu zitangaze wazi, kwa Kiswahili, nani anaruhusiwa kufanya kazi hii na taka zake zipelekwe wapi. Mama wa nyumba hawezi kufuata utaratibu asioambiwa.

Kwako bi harusi

Watakuambia usiulize, utaonekana mjeuri kabla hujaingia nyumba ya watu. Sisi tunasema uliza. Kama unaona haya, mtume walii wako, au shangazi mwenye ulimi mtamu, amuulize mchumba: "Paa la nyumba tutakayoishi ni la nini? Kama ni la kushushwa, nani atalishusha?" Makazi salama ni haki ya mke juu ya mumewe, wala si anasa. Mume anayekupenda hatakasirika kwa swali hilo.

Nanyi akina mama wakwe na masomo, mnapomfunza mwali usafi wa nyumba, mwambieni pia kuna vumbi ambalo mwanamke mwenye akili halifagii. Hutoka nje na wanawe, akafunga mlango, akaita wenye kazi yao.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu sakina, mapenzi na pumzi salama. Amin.