Gari lina bima, nyumba je?

Mfanyabiashara anayevusha bidhaa kwa gari kati ya Rubavu na Goma, au anayeshuka hadi Rusumo kupokea mchele wa Tanzania, hahitaji kufundishwa maana ya bima. Gari lake halivuki bila karatasi, na ile kadi ya njano ya COMESA anaijua kuliko anavyoijua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake. Lakini mwulize juu ya nyumba yake, ile aliyoijenga kidogo kidogo kwa faida ya miaka kumi, naye atakujibu kwamba nyumba haimgongi mtu barabarani.

Jibu hilo linachekesha, lakini lina ukweli ndani yake. Bima ya gari tunalazimishwa kuikata kwa ajili ya yule tutakayemgonga. Nyumba ikianguka, hasara ni ya mwenyewe, kwa hiyo serikali haimlazimishi. Anayelazimisha ni benki tu, tena kwa faida yake: aliyejenga kwa mkopo hudaiwa hati ya bima, na jengo likiungua fidia huanza kumaliza deni la benki. Deni likishaisha wengi huiacha bima hiyo, kana kwamba hatari nayo imelipwa ikaondoka.

Sasa wengi wa wasomaji wangu hawakujenga kwa mkopo. Wapo waliorudi kutoka Tanzania, Uganda au Congo, wakauza ng'ombe walizokuja nazo, wakanunua kiwanja, wakaweka msingi mwaka huu na mabati miaka mitatu baadaye. Mtu wa namna hii hana mali nyingine ya kukimbilia. Tajiri mwenye nyumba tatu anaweza kupoteza moja akaendelea kula vizuri, lakini huyu akipoteza yake anarudi alikoanzia, safari hii akiwa na umri mkubwa zaidi.

Na tusijidanganye kwamba tunaishi mahali pa salama. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake hadi katikati ya Goma. Ikarudia Mei 22, 2021, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta za nyumba nyingi upande wetu wa Gisenyi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na mto Sebeya ukaingia majumbani mwa watu. Misaada ilikuja, nasi tunaishukuru. Lakini msaada hupimwa kwa mahitaji ya mtu aliyebaki bila kitu, haupimwi kwa thamani ya nyumba iliyokwenda na maji.

Kwa hiyo nasema ndiyo, mwenye nyumba wa aina hii anahitaji bima. Ila si ile anayouziwa kwanza.

Bima ya bei nafuu ambayo mawakala huanza nayo mara nyingi ni ya moto. Inalipa moto na radi, na pengine mlipuko wa mtungi wa gesi. Mafuriko, maporomoko na tetemeko ni nyongeza, nazo hulipiwa zaidi. Mtu wa bondeni kando ya Sebeya anayekata bima ya moto peke yake amejikinga na jirani mpole, akamwachia mlango adui anayemfahamu kwa jina. Afadhali alipe nyongeza ile, maana hata hivyo ada ya bima ya jengo mara nyingi haifikii asilimia moja ya thamani yake kwa mwaka, au aziweke fedha zake. Vita navyo kwa kawaida havilipwi kabisa. Januari 2025, mapigano ya Goma yalipoangusha makombora hadi Rubavu, mwenye mkataba wa kawaida hakuwa na cha kudai.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa mpakani kuliko wengine. Nyumba zetu ni stoo. Sebuleni kuna marobota ya vitenge, chumba cha watoto kina madumu ya mafuta ya kupikia, na wapo, tena tunawafahamu, wanaoficha petroli nyuma ya jiko. Ukakata bima ya nyumba ya kuishi bila kutaja hayo, siku ya moto mkaguzi atayaona kwenye majivu, na kampuni ina haki ya kukataa kulipa. Taja stoo. Ada itapanda, na bidhaa zitahitaji kuandikwa mbali na jengo, pamoja na risiti zake. Risiti hizo usizifungie katika nyumba hiyo hiyo.

Halafu kuna ujanja wa kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme kulijenga upya jengo lako kunahitaji faranga milioni 60, nawe umeandikisha milioni 30. Paa likiungua, hasara ikawa milioni 10, usitegemee kupata 10 kwa kuwa ni chini ya 30. Kampuni itasema ulijikatia bima nusu, nayo italipa nusu, yaani milioni 5. Wengi huiita hesabu hii wizi, lakini imo kwenye mkataba waliotia sahihi. Kosa la upande wa pili ni kuhesabu na bei ya kiwanja. Ardhi haiungui, na bima ya jengo haiilipi, hata lava ikilala juu yake.

Waliorudi wana tatizo lao la pekee: nyumba imejengwa kwa fedha za mmoja, hati ya ardhi ina jina la kaka au la marehemu baba. Malizeni hilo kwanza katika familia, kwa sababu fidia huulizia hati, haiulizii nani alinunua saruji.

Wenye nyumba pande zote mbili za mpaka wajue pia kwamba mkataba wa Rwanda hauvuki na mwenyewe kama kadi ya njano. Congo ina sheria yake. Huko SONAS ilikuwa peke yake sokoni tangu miaka ya 1960, hadi sheria ya mwaka 2015 ilipofungua mlango, na makampuni binafsi yakaanza kupewa leseni mwaka 2019.

Simshauri kila mtu. Mama mwenye vyumba viwili vya matofali ya udongo kwenye mteremko hatapata kampuni ya kumkubali kwa urahisi, na akiipata, ada hiyo ingemfaa zaidi kwenye mfereji wa maji nyuma ya nyumba na kwenye kikundi cha akiba, ikimina yake. Akiambiwa na wakuu ahame kwenye eneo la hatari, ahame. Bima haizuii mlima.

Kwa ninyi wengine, wakala akija na karatasi zake, kabla ya kuuliza bei mwambie akuonyeshe ukurasa wenye orodha ya mambo yasiyolipwa. Kama hakuja nao, aurudie ofisini.