Bati Haliwezi Kungoja Muhuri

Ndugu zangu, safari hii siandiki juu ya mgao wala juu ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Naandika juu ya bati.

Mwezi wa nne upepo wa jioni uling'oa paa la mama mmoja wa bloku yetu hapa Kakuma. Ni mjane, ana watoto wanne. Mabati yaliangukia uwanja wa jirani, bahati nzuri hakuna aliyeumia. Asubuhi nilifika na vijana watano wa kikundi chetu. Wawili wamesomea useremala na vyeti wanavyo. Nyundo tulikuwa nazo, mbao zilikuwepo, misumari tukachanga. Ilikuwa kazi ya nusu siku tu.

Hatukuifanya. Tuliambiwa kwanza barua ya ruhusa. Mwenyekiti wa bloku akaandika, tukapeleka ofisini. Wakasema anayesaini hayupo, kuja Jumatatu. Jumatatu wakasema barua haina muhuri. Muhuri ulipopatikana, wakasema sasa tungoje mtu wa kuja kuangalia. Siku 23! Katika siku hizo mvua ilinyesha mara mbili. Nyumba ni ya matofali ya udongo, na udongo usio na paa haungoji mtu. Ukuta wa nyuma ukaanguka. Barua ilipotoka ilisema mama ameruhusiwa kurudisha paa. Kulirudisha juu ya nini?

Sasa msinielewe vibaya. Mimi sisemi kila mtu ajenge anavyotaka. Tumeona watu wakijenga kwenye njia ya laga, kisha maji yakaja usiku. Tumeona nyumba zimebanana hadi moto wa jiko moja unatisha bloku nzima. Na ardhi hii ni ya Waturkana, wana haki ya kuuliza tunajenga nini juu yake. Kanuni nazitaka. Tena nataka zenye maana.

Lakini hii ruhusa yetu inauliza nini? Jina, namba ya kadi, idadi ya watu nyumbani. Haiulizi paa limefungwa na nini. Fundi yeyote atakwambia upepo unaingia chini ya ukingo na kuinua. Ndiyo maana msumari wa bati una kofia pana, unapigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji yanapita. Ndiyo maana mbao za paa zinafungwa kwa waya unaoshuka hadi ndani ya ukuta, si kuegeshwa juu yake. Na ukingo ukiwa mfupi, mvua inakula ukuta polepole. Hayo hakuna aliyekuja kuyaangalia. Aliyekuja aliangalia kadi ya mama.

Sheria ya Kenya ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inasema mtu akiomba kaunti ruhusa ya ujenzi, akakaa siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Nchi hiyohiyo iliona kanuni za ujenzi za 1968 zimechoka, ikaandika mpya za 2024, zikaanza kutumika Machi 2025. Basi kumbe kanuni inaweza kurekebishwa, na ofisi inaweza kuhesabiwa siku. Kwa nini siku za mkimbizi hazihesabiki?

Wako wanaosema: ninyi ni wa muda, nyumba zenu ni za muda. Kambi hii ilifunguliwa 1992. Waliozaliwa hapa sasa wana watoto. Upepo hauulizi kama uko hapa kwa muda.

Kwa hiyo nasema hivi. Moja, kurudisha paa lililokuwepo kusihitaji ruhusa: mjulishe mwenyekiti wa bloku, panda, piga misumari. Mbili, kwa nyumba mpya, ombi lipewe tarehe ya kupokelewa na siku 14 za kujibiwa, na kukataliwa kuandikwe sababu. Kuchelewa bila sababu ndiko kunakozaa kitu kidogo, na sote tunajua. Tatu, anayekuja kukagua aangalie waya na misumari, na achukue mafundi vijana wa humu waliosomea kazi hiyo. Wako, wamekaa bila kazi.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Ni nani anayepiga bati kwa misumari ya mbao kwa sababu ni ya bei nafuu, halafu anaweka mawe juu? Ni sisi. Jiwe likibebwa na upepo linaua mtoto wa jirani.

Yule mama aliniuliza, "Mwanangu, hiyo karatasi nitaifunika juu ya watoto?" Nilinyamaza. Mkutano ujao wa bloku sitanyamaza, nawe njoo tusimame pamoja.