Kiwanja cha Tanga, Gari la Ohio



Mama mmoja mkazi wa Tanga, msomaji wa safu hii kwa miaka mingi, ametuandikia barua ya kurasa tatu akiomba ushauri, na ameturuhusu kuijibu hadharani maadamu majina hayatajwi. Mwanawe wa kiume anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako ameajiriwa ghalani Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi hadi saa kumi jioni. Sasa anataka kununua gari la kubebea mizigo ya haraka, alifanyie kazi jioni na siku za mapumziko bila kuacha ajira yake. Kwa mwezi mmoja amempigia mama yake simu mara nne. Ombi lake ni kwamba kiwanja alichokiacha marehemu baba yao, kando ya barabara iendayo Pangani, kiuzwe na fedha zitumwe, naye atamletea mama shilingi laki tano kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake.

Mama anauliza jambo moja tu: je, biashara hiyo ni ya kweli, au kijana amedanganywa?

Sisi tumeona ndani ya barua ile maswali matatu, na hilo aliloliuliza ndilo jepesi kuliko yote. Tuanze nalo.

Biashara ni ya kweli. Katika majimbo ya Ohio, Michigan na Indiana vimo viwanda vingi vya magari na vya vipuri vyake. Karibu na Columbus, mjini Marysville, kampuni ya Honda imekuwa ikiunda magari tangu mwaka 1982. Viwanda vya namna hii havipendi kurundika vipuri ghalani. Huagiza kiasi cha muda mfupi, na mzigo hutakiwa kufika pale unapohitajika. Mpango huo hupunguza gharama, lakini una udhaifu wake: kasha moja likichelewa, kazi ya kiwanda kizima yaweza kusimama na wafanyakazi wakabaki wameketi. Hapo kiwanda hakiwezi kungojea lori kubwa linalokusanya mizigo ya wateja kumi. Hutafuta gari dogo lichukue kasha lile peke yake, usiku uleule, na hukubali kulipa zaidi. Gari lenyewe ni kama Hiace iliyoondolewa viti vya nyuma, ila ni refu na la juu zaidi: Ford Transit, Mercedes-Benz Sprinter au Ram ProMaster, lenye kubeba tani moja na kitu. Kati ya mwenye mzigo na mwenye gari husimama dalali, na udalali wa mizigo huko ni kazi yenye kibali cha serikali. Basi kijana hakudanganywa kwamba kazi ipo.

Lakini tutazame kinachouzwa. Katika kazi hii kinachouzwa ni utayari. Simu ikilia saa nne asubuhi siku ya Jumanne, dereva awe barabarani kabla ya saa tano. Kijana wetu saa hiyo yuko ghalani, na saa zile ni za mwajiri wake. Kuzichukua kwa siri ni kuvunja amana. Simu itakwenda kwa mwingine. Wanaoishi kwa kazi hii hulala ndani ya magari yao mamia ya maili kutoka nyumbani, wakingoja kuitwa. Zipo kampuni zinazompokea mwenye gari afanye kazi chini ya kibali na bima yao kwa kugawana malipo, nazo kwa kawaida hutaka mtu anayepatikana wiki nzima. Mwenye jioni na Jumamosi peke yake hubakiwa na mizigo iliyoachwa na hao, na kwa mizigo hiyo hushindana na wengi wenye gari na jioni kama yeye.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa katika barua nzima hatukuona hesabu isipokuwa ile ya laki tano. Kutoka Columbus hadi Detroit ni takriban maili 200, yaani kilomita 320. Tuchukulie dalali amempa dola 1 na senti 25 kwa kila maili yenye mzigo. Hizo ni dola 250 kwa safari moja ya Jumamosi. Petroli ya kwenda na kurudi, kwa gari la namna ile, yaweza kula dola 80 hivi. Kijana atarudi nyumbani usiku na dola 170 mfukoni, na atampigia mama yake simu kwa furaha.

Ila dalali amelipa maili 200, na gari limekwenda 400, kwa sababu limerudi tupu. Idara ya kodi ya Marekani, kwa mwaka 2025, ilikadiria kuwa gari likitumika kwa biashara hugharimu senti 70 kwa kila maili, ukijumlisha petroli, matairi, matengenezo, bima na thamani inayopungua kila linapotembea. Maili 400 kwa senti 70 ni dola 280. Kwa kipimo hicho, kijana aliyerudi na dola 170 mfukoni amepata hasara ya dola 30, na saa nane za Jumamosi yake zimekwenda bure. Hasara hiyo haionekani siku ile. Huonekana baada ya miaka miwili, gia zinapokataa. Nasi hatusemi haya kwa kusoma tu: tuliwahi kumiliki pikapu kwa shirika na ndugu wawili, na siku ilipouzwa kwa bei ya vyuma ndipo tulipotambua kwamba muda wote ule tulikuwa tukila injini yake tukidhani tunakula faida. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila tuliandika mapato tu.

Bima ni mlango mwingine. Bima ya gari la kutembelea kwa kawaida haifidii ajali iliyotokea gari likiwa limebeba mzigo wa kulipwa. Anayebeba mali za watu kwa malipo kutoka jimbo moja hadi jingine anatakiwa awe na kibali cha serikali kuu, ambacho maombi yake hulipiwa dola 300, pamoja na bima ya madhara isiyopungua dola 300,000 hata kwa gari dogo. Madalali wengi hawaridhiki na kiwango hicho. Hutaka milioni moja, na 100,000 nyingine juu ya mzigo wenyewe. Malipo ya bima hiyo hayapungui kwa sababu mtu anafanya kazi siku mbili kwa wiki. Na kabla ya yote hayo mama amuulize mwanawe anaishi huko kwa kibali gani, kwani mwenye viza ya masomo, au aliyeruhusiwa kumfanyia kazi mwajiri mmoja tu, hana ruhusa ya kujifungulia biashara pembeni, na kosa hilo laweza kumrudisha nyumbani bila gari wala kazi.

Lipo jambo moja ambalo hatukutaka kulipita haraka. Sheria ya Marekani humzuia dereva wa lori kuendesha zaidi ya saa 11 katika zamu moja. Sheria hiyo huanzia kwenye magari ya uzito wa ratili 10,001, yaani zaidi kidogo ya kilo 4,500. Gari analolitaka kijana huwa chini ya hapo. Kwa hiyo akitoka ghalani saa kumi jioni siku ya Ijumaa, akapokea mzigo wa kwenda Chicago, mwendo wa maili 350 hivi, sheria hiyo haitamwambia alale kwanza. Dalali hajui kwamba ameamka tangu alfajiri. Mkewe anajua, kama yupo, na mama yake anaweza kuuliza. Yapo mambo ambayo serikali imewaachia watu wa nyumbani, na hili ni mojawapo.

Kuhusu malipo, madalali wengi hulipa baada ya siku 30 au zaidi, ilhali petroli hununuliwa leo. Hapo hujitokeza kampuni zinazonunua madeni: dereva anamdai dalali dola 250, kampuni inampa sasa hivi pungufu kidogo, kisha yenyewe inakwenda kudai 250 kamili. Vijana wengi huliona kama jambo la kawaida la ofisini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Manama, Bahrain, mwaka 1998, lilikataza kuuza deni la baadaye kwa mtu mwingine kwa fedha taslimu, kwa kuwa huelekea kwenye riba. Njia ya kuepuka ni kuanza na akiba ya petroli ya miezi miwili. Akiba hiyo nayo haimo katika hesabu ya kijana.

Tuje kwenye laki tano. Mama ameipenda ahadi hiyo, nasi tunamwelewa. Mjane anayetegemea maandazi ya asubuhi hawezi kuidharau. Lakini fedha iliyotolewa ili irudi kamili, na juu yake laki tano kila mwezi ipatikane faida isipatikane, ni mkopo wenye nyongeza. Kupeana mama na mwana hakuibadilishi hukumu yake. Wapo watakaosema basi iitwe mudharaba. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, mudharaba ni mtaji wa kununulia na kuuzia bidhaa, na gari la kukodishwa haliingii humo kwa urahisi. Njia iliyo wazi zaidi ni kulimiliki gari kwa ushirika, kila mmoja kwa kadiri ya fedha yake, kisha kijana akodi sehemu za wenzake kwa kodi inayojulikana. Laki tano ileile yaweza kuwa kodi halali. Tofauti ni kwamba gari likiungua au likigongwa bila uzembe wake, kodi inasimama, na kila mwenye sehemu anabeba hasara ya sehemu yake. Mama ajiulize kama yuko tayari kwa siku hiyo. Na yote yaandikwe mbele ya mashahidi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeshughulika na kuandikiana madeni.

Sasa kiwanja. Barua inasema "kiwanja changu", na mistari sita mbele inasema kiliachwa na marehemu, na kwamba mirathi "haijashughulikiwa kwa sababu tuko pamoja". Wapo mama, kijana huyu, binti aliyeolewa Muheza, na binti mdogo wa miaka 13. Kama marehemu hakuacha wazazi wala mke mwingine, na baada ya kulipa madeni yake, kiwanja kile kina mafungu 32: mama ana manne, kijana ana kumi na manne, na kila binti ana saba. Mama hawezi kuuza mafungu 32 kwa sababu ana manne. Kwanza ateuliwe msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, kisha kila mrithi ajue chake. Binti wa Muheza ni mtu mzima, ana haki ya kukubali au kukataa, na kwa mujibu wa barua hakuna aliyemuuliza. Binti mdogo hana kauli ya kukubali, maana hajafikia umri. Mafungu yake saba ni mali ya yatima, na yeyote atakayekabidhiwa hana ruhusa ya kuyaweka juu ya magurudumu yaliyo ng'ambo ya bahari, tena katika biashara ambayo tumeona hesabu yake.

Tulimwandikia mama hayo, na tukamwomba amfikishie kijana jambo moja la kutenda: aache kwanza mizigo ya dharura, atafute mzigo wa siku maalumu unaolingana na saa zake. Dearborn, jirani na Detroit, ni mji wenye Waislamu wengi, na wamo wauzaji wa jumla wa vyakula. Maduka ya Waislamu huko Columbus huuza tende, mchele, unga na viungo. Mwenye safari ya Jumamosi anayepata shehena ya kwenda, na kurudi na magunia ya maduka matatu kwa bei waliyopatana, analipwa kwenda na kurudi. Aongee na wenye maduka kabla ya kuongea na muuza magari. Wakimpa kazi ya miezi mitatu kwa maandishi, basi anayo biashara. Wakikataa, amejua bila kuuza kitu.

Jibu la mama lilitufikia Jumatatu. Kijana alikasirika kwa siku mbili, kisha akaanza kuzunguka madukani. Mawili yamekubali, la tatu linafikiri. Shauri la mirathi limekwisha kufunguliwa. Binti wa Muheza, alipoulizwa kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki, alinyamaza kwanza kwenye simu, kisha akasema mafungu yake saba yuko tayari kuyatia katika gari, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe katika karatasi ya ushirika, na daftari la maili atumiwe yeye kila mwisho wa mwezi.